Sanadi ya Kipuri

Ndege ya kijeshi ya uchukuzi C-130 Hercules iliruka kwa mara ya kwanza Agosti 1954 huko Burbank, California, na hadi leo kiwanda cha Marietta, Georgia, kingali kinaiunda. Baadhi ya zile zilizotoka kiwandani miaka ya 1970 bado ziko kazini. Zimeshabadilishwa injini, mapanga, magurudumu, nyaya, pengine hata sehemu ya kati ya bawa inayobeba mzigo wote. Vipuri vingine hung'olewa kwenye ndege zilizostaafu katika jangwa la Tucson, Arizona, ambako jeshi la Marekani limezipanga kwa maelfu. Fundi anayeitaja ndege hiyo kwa namba yake ya zamani anazungumzia kitu gani hasa?

Swali ni kongwe. Plutarch alisimulia jinsi Waathene walivyobadilisha mbao zilizooza za merikebu ya shujaa wao Theseus, na wanafalsafa wakabishana kama ni ileile. Karne ya 17 Thomas Hobbes akazidisha utata: mbao kuukuu zikikusanywa, ikaundwa merikebu ya pili, ipi ndiyo ya Theseus? Hoja tamu, lakini wote hao walikodolea macho mbao. Hakuna aliyeuliza daftari liko wapi.

Kwa watu wa ndege, daftari hutangulia. Kipuri muhimu huambatana na hati: kimetengenezwa na nani, kilifungwa ndege gani, kimeruka saa ngapi, kilikarabatiwa wapi. Kikipoteza hati, hata king'are vipi, hakifungwi. Aliyepita madrasani ataufahamu mtindo huu. Imamu Bukhari, mkusanyaji wa hadithi za Mtume aliyefariki mwaka 870, hakutosheka na uzuri wa maneno. Alitaka sanadi, yaani nani alisikia kwa nani, mpaka kwa Mtume. Mpokezi mmoja akikosekana, hadithi hudhoofika, ingawa matini yake haina kasoro.

Urasimu tu? Hapana, metali huficha maisha yake. Juni 2002, karibu na Walker, California, C-130A ya miaka ya 1950, iliyotoka jeshini ikawa ya kuzima moto wa misitu, ilikatika mabawa hewani, na wote watatu waliokuwamo wakafa. Wachunguzi walikuta nyufa za uchovu wa metali zimejificha chini ya kiraka. Basi historia ya kipuri haikubandikwa juu yake, imo ndani yake, na vipuri viwili pacha machoni vyaweza kuwa vitu viwili kabisa.

Wapokezi waongo nao wapo. Mwaka 2012 kamati ya Seneti ya Marekani ilieleza jinsi vipande bandia vya elektroniki vilivyofika hata kwenye skrini za C-130J. Biashara hiyo hula taka: chapa ya zamani hukwanguliwa, mpya ikapigwa.

Kesi ngumu kuliko zote ni Iran. Baada ya mapinduzi ya 1979 ilibaki na Hercules zilizonunuliwa enzi za Shah, na Marekani ikafunga mlango wa vipuri. Ndege zikaendelea kuruka kwa vipuri vya njia za panya, au vya kuvua hii kuivisha ile. Katika hali hiyo fundi hawezi kuwa Bukhari. Huenda akawa karibu zaidi na wanazuoni wanaoikubali hadithi dhaifu katika kuhimiza mema, lakini si katika kuhukumu halali na haramu. Kiti kisicho na hati atakifunga na usiku atalala. Boliti ya bawa ni hukumu nyingine, na mwenye jeshi anaitaka ndege kesho.