Papo kwa Papo

Ukifika kwenye miji ya kale ya pwani yetu, iwe magofuni au katika nyua za nyumba za zamani, tafuta kisima. Maji yaache kwanza, tazama ukingo. Jiwe la matumbawe lililojengewa mdomo wa kisima utalikuta limelika mifereji myembamba, laini kana kwamba imepigwa msasa, na mingine kidole kinazama. Hakuna fundi aliyeichonga. Imechongwa na kamba. Watu walishusha ndoo na kupandisha ndoo, alfajiri na jioni, mama akamwachia binti, binti akamwachia mjukuu, na kamba ikawa inapita palepale ilipopita jana.

Wazee wakaona, wakasema: papo kwa papo kamba hukata jiwe.

Naomba tukae kidogo na hiyo kamba, maana methali hii tunaitaja harakaharaka kama salamu. Kamba ya kisimani ilikuwa ya makumbi, yale maganda ya nazi ambayo mpishi huyatupa nyuma ya jiko. Makumbi hufukiwa kwenye tope na mchanga wa pwani, maji yakajaa na kupwa juu yake mwezi baada ya mwezi, mpaka kinachoshika nyuzi kioze chote. Kisha kina mama huyafukua yakiwa na harufu nzito, wakayaponda kwa gongo, wakayaosha, wakayaanika juani. Ndipo nyuzi husokotwa kwa viganja, uzi ukiungwa na uzi, mpaka ipatikane kamba ya kufika kwenye maji. Hicho ndicho kilichokata jiwe: kitu laini kilichotupwa, kikafukiwa, kikapigwa, kikasokotwa. Wewe unayejiona umetupwa na kufukiwa, habari yako na ya kamba ni moja, na habari ya kamba haikuishia kwenye tope.

Neno lililoibeba methali hiyo ni "papo". Kamba ikipita leo huku na kesho kule, italichubua jiwe pande zote na haitalikata popote. Nasema haya kwa uchungu, kwa sababu nawaona vijana wenye nguvu na akili zao wakianza kufuga kuku mwezi wa tatu, mwezi wa sita wameuza mabanda wakachukua pikipiki, na mwisho wa mwaka unawakuta wakihangaikia mtaji wa mitumba. Wavivu hao? Hata kidogo. Wanaamka mapema kuliko jogoo na wanalala wamechoka kuliko mtu yeyote mtaani. Lakini kila jiwe wamelichubua, na hawajakata hata moja. Kijana, chagua pako. Ukishapachagua rudi hapo kesho, urudi na keshokutwa, urudi na siku ambayo wateja ni wawili na mmoja wao amekuja kukopa.

Wapo wanaosikia neno uvumilivu wakadhani ni kukaa kitako kungoja neema idondoke. Hebu zisikilize methali zetu vizuri. Bandu bandu huisha gogo: hapo kuna mtu kashika shoka. Haba na haba hujaza kibaba: kuna mkono unaotia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: kuna mgongo uliopinda na goti lililogusa sakafu. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu: kuna aliyeondoka nyumbani maji yalipokupwa, akapekua mwamba kwa mwamba mpaka akapata kitoweo. Na huyo mvumilivu anayekula mbivu alianza kwa kupanda, akapalilia, akalinda shamba lisiliwe na kima. Nimezipitia zote hizi nikimtafuta mtu aliyekaa tu, sijamwona.

Kwa hiyo sikubali, na ninalisema hili kwa nguvu zangu zote, methali za uvumilivu zigeuzwe kitambaa cha kuwafunga watu mdomo. Mke anapigwa, anaambiwa mvumilivu hula mbivu. Kibarua hajalipwa miezi minne, anaambiwa subira yavuta heri. Huko ni kuwasingizia wazee. Hakuna mzee mwenye busara aliyetunga methali ili mtu afie mikononi mwa mwenzake. Mwanamke aliyetoka kwenye nyumba ya kipigo na watoto wawili, akaanza na karai moja la kukaangia vitumbua, saa kumi usiku kila siku anawasha moto, huyo ndiye anayestahili kutungiwa methali.

Bara zima linalijua hili. Waganda husema akwata empola atuuka wala: aendaye taratibu hufika mbali. Wawolofu wa Senegali wanakwambia kima hukamatwa porini kwa polepole. Na Waethiopia wana ile ninayoipenda kuliko zote, kwamba taratibu, taratibu, yai litatembea kwa miguu yake. Lishike yai mkononi uligeuze. Halina mguu, halina hata dalili ya mguu. Kuku analilalia siku 21, na katika siku zote hizo anayepita nje haoni lolote. Miguu inaumbika ndani ya ganda lililonyamaza. Ukiwa katika siku yako ya kumi na mbili na jirani anakuuliza mbona hakuna kinachoonekana, usilipasue yai ili umwonyeshe.

Tuje kwa mtu wa nyumbani. Tarehe 20 Oktoba 1968, John Stephen Akhwari wa Mbulu, Tanzania, alisimama kwenye mstari wa mbio za marathoni za Olimpiki mjini Mexico City. Mji ule uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na misuli ilianza kumkaza mapema. Walipokaribia nusu ya safari, wakimbiaji wakigombania nafasi, alianguka. Goti likateguka na kuchanika, bega likapiga barabara. Akafungwa bendeji, akainuka, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia, nchi ya yai lenye miguu, alishinda kwa saa 2 na dakika 20. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baadaye. Jua lilishazama na watazamaji walibaki elfu chache tu. Alikuwa akichechemea na bendeji ikining'inia mguuni. Saa yake ilisoma 3:25:27. Walioanza walikuwa zaidi ya sabini, waliomaliza 57, naye ndiye aliyekuwa wa 57. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali kote kule akaanze mbio, ilimtuma akazimalize.

Kisa hiki huwa kinasimuliwa mpaka hapo, watu wakapiga makofi wakatawanyika. Mimi nakitaka kinachofuata. Mwaka 1970, kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, Akhwari alikimbia marathoni tena akawa wa tano, kwa saa 2 na dakika 15. Goti lilelile! Muda huo ni mzuri kuliko ule uliompa Wolde dhahabu kule juu Mexico. Maana yake aliporudi nyumbani wa mwisho hakuifanya bendeji ile kuwa cheti cha kustaafu. Alirudi barabarani kufanya mazoezi, siku ambazo hapakuwa na kamera wala uwanja.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Koleo ni chombo tu, uhunzi umo mkononi na kichwani mwa mhunzi. Mtihani uliofeli ni koleo. Duka lililofungwa, mkopo ulionyimwa, barua ya kazi isiyojibiwa, yote hayo ni makoleo. Lia kidogo, ni haki yako, chuma cha moto kikikuangukia mguuni kinauma. Kisha vukuta moto tena, maana mhunzi hutengeneza koleo jipya kwa moto uleule.

Na usiniambie umri umekwenda. Kenya ilipofuta ada ya shule za msingi mwaka 2003, Kimani Ng'ang'a Maruge alisikia habari hiyo kama vile imetangazwa kwa ajili yake. Mwaka 2004, akiwa na miaka 84, aliyekuwa mpiganaji wa Mau Mau alivaa sare, akaingia darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, akakaa na watoto wa rika la vitukuu. Alitaka kuisoma Biblia kwa macho yake mwenyewe. Mwaka uliofuata alikuwa New York, kwenye Umoja wa Mataifa, akizungumzia elimu ya bure. Zikaja vurugu za baada ya uchaguzi, mali yake ikaibiwa, akaishia kwenye kambi ya waliopoteza makazi. Akaendelea kwenda darasani kutoka kambini. Alipohamia Nairobi mwaka 2008 na kuwekwa kwenye makao ya wazee, aliandikishwa tena shule, darasa la sita. Mwaka mmoja baadaye alifariki. Hebu fikiria: mzee wa miaka karibu tisini, mgonjwa, hana nyumba yake, na bado kwake Jumatatu ilikuwa siku ya kwenda shule.

Sasa ni zamu yako. Usianze na mpango wa miaka kumi. Anza na kesho alfajiri. Kama ni kitabu, fungua ukurasa ulioukimbia jana. Kama ni cherehani, kaa ushone shati lililokukataa kola. Kama ni kazi unayoitafuta, tuma barua nyingine, uiandike vizuri kuliko ile ya mwisho. Kama ni kidonda cha kuanguka mbele za watu, kifunge, uchechemee, ila uelekeo usiuache. Na kesho hiyo ikiisha, fanya hivyo hivyo inayofuata, palepale.

Bibi aliyeshusha ndoo ya kwanza kwenye kile kisima hakuuona mfereji. Wala binti yake hakuuona. Jiwe lilikuwa jiwe walivyolikuta, na jiwe walivyoliacha. Walichokiona kila asubuhi ni ndoo imepanda imejaa, wakajitwisha, wakaenda nyumbani kupika.