Bundi Hana Kisirani

Tumeulizwa na ndugu mmoja katika darasa letu: kijana wa mtaani kwao ameokota bundi aliyevunjika bawa, akamweka sandukuni ili amwuguze. Majirani wamekuja juu, ati amtoe kabla hajaleta msiba. Wengine wamesema ni upuuzi kumtibu ndege ilhali maskini wapo. Je, Sheria yasemaje?

Twaanza na hilo la msiba. Waarabu wa zama za ujahili walidai kuwa roho ya aliyeuawa hugeuka ndege, wakimwita "hama", akawa analia juu ya kaburi mpaka kisasi kilipwe. Na wengi wao walisema ndege huyo ndiye bundi. Mtume (s.a.w.) akalikanusha hilo waziwazi, na pamoja nalo akakanusha "tiyara", yaani kutazamia mikosi kwa ndege. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Basi asemaye leo kuwa bundi akilia juu ya paa huita mauti, neno hilo hakulirithi kwa Uislamu. Amelirithi kwa wale wale waliokuja kukanywa! Na la kusikitisha zaidi, wapo ambao wakishamwua ndege kwa mawe huenda kwa mganga kununua hirizi ya kuondoa nuhusi. Ajali ya mtu i mkononi mwa Mola wake. Bundi alia kwa kuwa amwita mwenziwe, au makinda yake yana njaa.

Katika msitu wa Arabuko-Sokoke, karibu na Malindi, yuko bundi ambaye urefu wake haufiki shibiri moja. Wataalamu walimwandika mara ya kwanza mwaka 1966, naye kwa kawaida huitwa kwa jina la msitu huo. Hapatikani ila katika sehemu chache za pwani ya Kenya na chini ya milima ya Usambara, Tanzania. Katika ardhi yote Mwenyezi Mungu amemweka mlangoni petu, nasi twamwita mchawi.

Ama kumwuguza ndege, Ibn Masud (r.a.) asimulia kuwa walikuwa safarini, wakatwaa makinda mawili ya ndege mdogo, mama yao akaja akitandaza mabawa. Mtume (s.a.w.) akauliza ni nani aliyemtia uchungu kwa wanawe, akaamuru warudishwe. Ameipokea Abu Daud. Tazameni: msafara wa watu wazima wenye shughuli zao, na jambo la ndege mmoja halikuwa dogo mbele yake.

Lakini kazi hii ina elimu yake, wala huruma peke yake haitoshi. Ndege aliyejeruhiwa huwekwa katika sanduku lenye matundu, gizani, mbali na kelele, kwani khofu yaweza kumwua. Asitiwe maji mdomoni kwa nguvu: tundu la pumzi liko penye shina la ulimi. Asilishwe mkate wala maziwa. Bundi ataka windo zima, na manyoya na mifupa yake. Aliyeumwa na paka, japo jeraha ni kama tundu la sindano, apelekwe upesi kwa daktari wa wanyama. Na kinda aliyelelewa machoni pa watu hujidhani mtu, asiweze kurudi kwa jamaa zake. Kwa hiyo wanaoijua kazi hawamchezei, na hujificha wanapomlisha. Kusudi lao ni aruke aende zake, asiwakumbuke kabisa.

Waislamu wa Bursa, Uturuki, katika karne ya 19 walikuwa na nyumba ya kuwatunza korongo waliolemaa wasioweza kuhama na wenzao. Hatukusikia kuwa maskini wa Bursa walilala njaa kwa ajili ya korongo. Kwetu sisi, asemaye "maskini kwanza" aulizwe jana amempa maskini nini.

Kijana huyo ajue pia kuwa sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 yataka kibali kwa mwenye kumweka mnyama wa mwitu. Basi awaarifu watu wa KWS. Huko Naivasha kuna watu waliojitolea kuwaponya ndege wa kuwinda, na bundi ni miongoni mwao.

Zaka haitolewi kwa jambo hili, kwani wenye kuistahiki ni mafungu manane yaliyotajwa katika Sura ya Tawba. Sadaka yafaa. Na chakula chenyewe, katika miji yetu hii, panya hawanunuliwi. Ila asipewe panya aliyekufa kwa sumu, maana sumu hiyo humwua na bundi.