KUANDIKWA NI HAKI, KUANDIKA NI AMANA

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Amma baad.

Ndugu Muislamu, ukiulizwa leo sisi Wakongomani ni wangapi, utajibu nini? Hesabu ya mwisho ya watu ilifanyika mwaka 1984, ikapata karibu milioni 30. Kwa miaka mingi kitambulisho chetu kimekuwa kadi ya kupigia kura. Mwaka 2011 iliundwa ofisi ya kuandikisha wananchi, ONIP. Mwaka 2023 kitambulisho kipya kilionyeshwa, na mwaka 2024 mkataba wa kukitengeneza ukavunjwa. Lakini shauri lenyewe halijafa: watu wahesabiwe, kisha majina yao yabaki katika daftari moja la kudumu.

Wako wanaosema kuhesabu watu kunaondoa baraka. Hilo halina msingi. Imam Bukhari amepokea kutoka kwa Hudhayfa (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) aliamuru yaandikwe majina ya waliosilimu, wakaandikwa wanaume 1500.

Wengine wanauliza: "Jina langu likiandikwa, kesho litasomwa na nani?" Hofu hii tusiidharau. Kwa jirani zetu Rwanda, Wabeljiji waliandika kabila kwenye kitambulisho, na mwaka 1994 karatasi hiyo ikawaua watu kwenye vizuizi vya njiani. Kwetu, sheria ya mwaka 1972 iliwapa wengi wa Kivu uraia, na ile ya 1981 ikawanyang'anya.

Basi ubaya uko wapi, katika daftari au katika mkono unaoliandika? Sayyidna Umar (r.a.) alipoweka daftari la posho, mtoto alianza kupewa fungu akishaachishwa ziwa. Usiku mmoja akasikia mtoto analia: mama yake alikuwa anamwachisha mapema ili apate posho. Umar hakumwadhibu mama. Alijilaumu mwenyewe, akaamuru kila mtoto apewe fungu lake tangu kuzaliwa. Hivyo ndivyo mwenye daftari anavyomcha Mungu.

Na wewe je? Wengi wetu hapa Goma karatasi zetu ziliungua na volkano ya mwaka 2002, au tuliziacha nyuma tukikimbia vita. Asiye na karatasi hutambuliwa kwa ushahidi wa watu. Siku ile kalamu ya serikali itaandika maneno ya kinywa chako. Aya ya deni, Suratul Baqara 282, inamwamuru mwandishi aandike kwa uadilifu, na shahidi asikatae akiitwa. Kwa hiyo usimshuhudie mtu usiyemjua kwa sababu amekupa pesa. Na lililo baya zaidi, usimkane jirani mliyekua naye avenue moja, eti kwa kabila lake au kwa kulitamani shamba lake. Utakuwa umemfanya mgeni katika nchi aliyozaliwa, yeye na watoto wake.

Mwandikishe mtoto wako mapema, kwa jina lake na umri wake wa kweli. Na ukumbuke kuwa Malaika wawili nao wanaandika, na daftari lao halipotei wala haliungui.

Ewe Mola, tujaalie tuwe mashahidi wa haki, hata dhidi ya nafsi zetu. Amin.

Wallahu aalam.