Tanuri Linalojivutia Pumzi

Ukitoka Sumbawanga ukakatiza uwanda wa Ufipa, kati ya Ziwa Rukwa na Ziwa Tanganyika, bado utakuta malungu: matanuri ya udongo yenye kimo cha mita 3 hivi, mapana chini, membamba juu. Humo Wafipa walitoa chuma ndani ya mawe.

Tazama Mwenyezi Mungu alivyotangulia kuandaa. Mchwa kibarua, mdudu asiye na macho, hukandika kichuguu kwa udongo unaostahimili moto mkali. Mafundi waliuchukua wakajengea ilungu, mara nyingi ubavuni mwa kichuguu chenyewe, wapate pa kupanda kulijaza mkaa na mawe. Mivukuto haikuhitajika. Hewa ya moto ikipaa, hewa baridi huingia kwa matundu ya chini, na moto ukajilisha wenyewe siku kadhaa. Gesi ya mkaa huyanyang'anya mawe oksijeni, chuma kikabaki. Baadaye kilisafishwa katika kitengwe, tanuri dogo lenye mivukuto, ndipo kikafuliwa jembe. Ilungu lilipambwa kama bibi harusi, na mafundi walijiepusha na wake zao mpaka kazi iishe, kwa heshima ya kile kilichokuwa kikizaliwa.

Elimu ya namna hii hufa na wazee wasipoulizwa. Ndiyo maana naienzi filamu ya Tree of Iron ya mwaka 1988, ya Peter O'Neill na Frank Muhly pamoja na mwanaakiolojia Peter Schmidt. Inahusu Buhaya, mkoani Kagera, ambako wazee waliowahi kufua chuma ujanani walijenga tanuri upya. Uzuri wa filamu hiyo ni kwamba historia haisimuliwi na mtaalamu peke yake. Inasimuliwa kwa mikono ya wazee, na mabaki yaliyofukuliwa ardhini yanaitikia. Unawaona wakikandika shimo kwa udongo wa kichuguu, wakilijaza matete ya kinamasi yaliyochomwa, kisha mivukuto ikianza kuunguruma.

Wahaya walipuliza, Wafipa wakauachia moto uvute. Ila mchwa, mkaa na chuma ni vilevile, kwa kuwa aliyeviumba ni mmoja. Kwa hiyo wenye kamera Rukwa wasikawie. Wakawasikilize wazee waliorithi habari za malungu, wayapige picha yangali yamesimama. Kuitunza hekima aliyoitia Mungu ndani ya mwanadamu nako ni kumsifu.