Kumcheka Mtu kwa Matamshi Yake

Siku hizi vijana wetu wengi wanajifunza Kiingereza. Wengine wamekwenda kusoma Kampala au Nairobi, wengine wana ndugu waliopokelewa Marekani, Kanada au Australia kama wakimbizi, nao huzungumza nao kwa simu. Hilo ni jambo jema. Lakini pamoja na lugha umeingia ugonjwa, ndio kucheka. Kijana aliyezoea Kiingereza cha Kampala anamcheka mwalimu wa kijijini anayetamka l mahali pa r, na yeye mwenyewe anachekwa na binamu yake aliyekaa miaka mitatu Texas. Kila mmoja asema: «Huyu hajui Kiingereza.» Basi twauliza: kumpima mtu kwa matamshi yake ni mchezo tu, au ni kosa mbele ya Mungu?

Kwanza tuwatazame wenye lugha. Wengi wetu twadhani kwamba Waingereza wote husema namna moja, na kwamba sisi wengine ndio tunaoharibu. Sivyo hata kidogo. Nchi yao yote yaweza kuingia ndani ya Kongo mara tisa, na nafasi ikabaki. Lakini namna zao za kusema ni nyingi ajabu. Upande wa mashariki wa London watu wa kazi huacha sauti ya h mwanzoni mwa neno. Tena wana mchezo wa kuficha maneno kwa vina: mahali pa «stairs», maana yake ngazi ya nyumba, husema «apples and pears», yaani matofaa na mapeasi, kwa kuwa «pears» yalingana na «stairs» mwishoni. Mgeni akiambiwa apande matofaa, afanye nini? Huko Liverpool, mji wa bandari, lugha ilichanganyika na ile ya watu wa Ayalandi, waliofika kwa maelfu wakikimbia njaa kubwa iliyoanza 1845, viazi vyao vilipooza shambani. Wengi wao walikuwa Wakatoliki kama sisi. Matamshi ya mji ule huitwa «Scouse», jina lililotoka katika chakula cha mabaharia. Na huko Newcastle na Uskoti mtoto huitwa «bairn», neno ambalo mtu wa London hana.

Katikati ya hayo yote, matamshi ya namna moja yalipewa kiti cha mbele. Hayakupewa kwa sababu ya utamu wake, bali kwa sababu yalikuwa ya watoto wa wakubwa, waliolelewa katika shule za bweni za fedha nyingi. Mwalimu Daniel Jones alipotoa kamusi yake ya matamshi 1917, ndiyo aliyoyaandika. Redio ya BBC, iliyoanza 1922, ikachagua wasomaji wa habari waliosema hivyo. Kisha wakati wa vita, 1941, ikamweka Wilfred Pickles, mtu wa Yorkshire, kusoma habari, naye akasoma kama watu wa kwao wanavyosema. Wasikilizaji wengine wakalalamika! Vita ilikuwa ile ile, na habari zilikuwa zile zile. Kilichowaudhi ni vokali.

Sasa tutazame herufi moja tu, maana katika hiyo jambo hili laonekana wazi kuliko penginepo. Uingereza, mtu mwenye masomo akisema «car», maana yake motokari, haitamki ile r ya mwisho. Mkulima wa magharibi anayeitamka kwa nguvu huhesabiwa mshamba. Haya, tuvuke bahari mpaka New York. Mwaka 1962 mtaalamu William Labov aliingia katika maduka makubwa matatu: la matajiri, la watu wa katikati, na la wanyonge. Akawauliza wauzaji kitu alichojua kwamba kiko ghorofa ya nne, ili wajibu «fourth floor», maneno yenye r mbili. Hakuna aliyejua kwamba anapimwa. Wauzaji 264 walimjibu. Katika duka la matajiri, zaidi ya nusu yao waliitamka r; katika duka la wanyonge, kama mmoja katika watano. Kumbe New York mwenye kuiacha r ndiye anayedharauliwa, na London mwenye kuitamka!

Hapo mwenye akili atasimama kidogo. Kama aibu ingekuwa ndani ya sauti yenyewe, ingekuwa aibu pande zote mbili za bahari. Lakini sauti ile ile ni heshima hapa na ni haya kule. Basi aibu haimo katika sauti. Imo ndani ya yule asikiaye. Twatazama kwanza ni nani asemaye, tajiri au maskini, wa mjini au wa porini, ndipo twaseme sauti yake ni nzuri au mbaya. Na baadaye twajidai kwamba tumehukumu lugha.

Mtu atasema: «Mnakuza jambo dogo, kicheko hakiui.» Asome Kitabu cha Waamuzi, sura ya 12. Wagileadi walishika vivuko vya Yordani, na kila aliyetaka kuvuka wakamwamuru atamke neno moja, Shibolethi. Waefraimu hawakuweza ile sauti ya kwanza. Wakasema Sibolethi, wakachinjwa. Maandiko yahesabu watu 42.000.

Siku zetu hawachinji, lakini hufunga mlango. Profesa John Baugh, Mmarekani mweusi, aweza kusema Kiingereza kwa namna tatu: kama wazungu wa Marekani, kama watu weusi wengi wa kule, na kama watu wenye asili ya Meksiko. Huko Kalifornia aliwapigia simu wenye nyumba za kupangisha kwa namna zote tatu, akiuliza jambo lile lile. Yeye na wenzake walitangaza matokeo 1999: katika mitaa ya wazungu wengi, zile sauti mbili za mwisho zilikaribishwa kuona nyumba mara chache zaidi. Mtu ni mmoja, mdomo ni mmoja, na aliyeshika simu upande wa pili hakumwona uso. Je, huo nao ni mchezo?

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, alipochunguza dhambi za ulimi, aliitenga dhihaka na tusi na masengenyo. Anayedhihaki, asema, ataka mwenzake aone haya. Mzaha mdogo ni kosa dogo. Lakini ukifika kumdharau mtu, kana kwamba hana thamani, ni jambo zito. Katekisimu nayo, katika amri ya nane, yatukataza kumdhania jirani ubaya pasipo sababu ya kutosha. Na vokali si sababu.

Lakini tuwe wa haki pia kwa upande mwingine. Serikali ya Singapuri ilianza 2000 kuwahimiza raia waseme Kiingereza bora, kwa kuogopa kwamba mchanganyiko wao wa nyumbani hautaeleweka ugenini. Hofu hiyo si ya kipumbavu. Muuguzi asiyeeleweka aweza kumdhuru mgonjwa. Hata hivyo tuwatazame marubani wa ndege, ambao kwao neno moja lisiloeleweka laweza kuleta kifo. Tangu 2008 sheria ya mataifa yadai rubani wa safari za nje ajue Kiingereza kwa kipimo maalumu. Kipimo hicho chasemaje juu ya matamshi? Chakubali kwamba lugha ya mama isikike ndani yake, mradi isizuie kueleweka ila mara chache tu. Ikiwa angani, penye hatari, hawadai zaidi ya hapo, sisi sebuleni twadai nini?

Maneno ya vijana na ya mitaani tusiyahukumu yote kwa pamoja. Mwaustralia huyakata maneno: alasiri, «afternoon», kwake ni «arvo». Mnigeria huita msongamano wa magari «go-slow», na mtu aliyekaa saa mbili barabarani Lagos hatakosa kulielewa. Hayo ni kama nguo za nyumbani. Maneno machafu ni habari nyingine. Na kosa lipo tena pale watu wanapotumia misemo yao makusudi mbele ya mgeni au mzee, ili abaki nje akiwa amekaa katikati yao.

Je, yule anayegeuza matamshi yake ni mwongo? Hapana. Mtume Paulo alijifanya yote kwa watu wote, na anayesema polepole ili mgeni aelewe atenda upendo. Lakini huko Uhindi, vijana wengi walioajiriwa kujibu simu za wateja wa Marekani na Uingereza walifundishwa matamshi ya kule, na mara nyingi wakapewa hata majina ya kizungu, ili mteja adhani asemaye ni wa kwao. Hapo twaona udanganyifu, na mzigo wake ni wa bwana mwenye kazi kuliko wa kijana anayetafuta mkate.

Nasi wa Kongo tusijifanye watazamaji. Watu wa pwani husikia Kiswahili chetu wakatabasamu. Wa Bukavu nao hutabasamu wakisikia kile cha Lubumbashi. Petro mwenyewe alijulikana uani kwa kuhani mkuu kwa sababu ya usemi wake wa Galilaya. Na siku ya Pentekoste Roho Mtakatifu aliposhuka, makutano wa kila taifa walielewa, lakini wakaulizana kama hao wote si Wagalilaya. Roho hakuwaondolea Ugalilaya wao.

Walimu wengine watatuuliza: basi tufundishe Kiingereza gani shuleni? Twajibu: kile cha vitabu vya darasa, kwa sauti ya wazi na pasipo haraka, ili mtoto aeleweke Kampala na London pia. Na ile r ya mwisho? Kila mwalimu aitamke kama alivyozoea. Waingereza na Wamarekani wenyewe hawajapatana juu yake.