Karafuu Iliyoanguka ni ya Nani?

Masika yakishapita, mikarafuu ya Pemba hubadili sura. Tumba za kijani huingia wekundu, na hapo hapana tena kusubiri, kwani tumba likichanua karafuu imeshapotea. Wachumaji hupanda mapema, matawi ya mbali huvutwa kwa ngoeko, na jioni, makonyo yakishachambuliwa, hupimwa pishi kwa pishi. Haki ya mwenye shamba inajulikana, na ya mchumaji inajulikana. Anayenisumbua ni wa tatu: mtoto mwenye kikapu, aliyeinama chini ya mti, akiokota zilizodondoka.

Nilipokuwa na umri wa miaka tisa nilimshitaki mmoja kwa babu. Babu alimwita, akamimina kikapu chake juu ya jamvi letu, na karafuu zile zikachanganyika na zetu hata asingepatikana wa kuzitenga. Hazikufika nusu pishi. Mtoto hakulia. Alikikung'uta kikapu akaenda zake, nami nikasifiwa.

Tangu hapo nimekuwa nikimtafutia babu hoja, na hoja hazikosekani. Shamba lina mwenyewe. Ukiruhusu kuokota leo, kesho utakuta matawi yametikiswa usiku ili asubuhi ziwepo za kuokotwa. Hilo si dhana tupu, wenye mashamba wanalijua.

Lakini neno "yangu" ni zito kulitamka chini ya mikarafuu. Mashamba makubwa ya karne ya 19 yalipandwa kwa mikono ya watumwa. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikanusurika. Mwaka 1897 sheria ikaacha kuutambua utumwa, na miti ikabaki kwa mabwana wale wale. Baada ya Mapinduzi ya 1964 mashamba yakatwaliwa, ardhi ikagawiwa eka tatu tatu. Mkarafuu mmoja waweza kuwaona wenyewe watatu, na kila mmoja akaapa kuwa ni wake.

Babu alikuwa mtu wa eka tatu. Miti aliyoilinda hakuipanda, wala hakuinunua. Alipewa.

Sisemi kwamba kwa hiyo shamba halina mwenyewe; aliyepewa kwa haki amemiliki. Nasema tu kwamba aliyepewa mti mzima alipaswa kuwa wa mwisho kuhesabu kilichoanguka. Na habari ya wale wenye bustani, waliokula njama wavune alfajiri ili maskini asiwaingilie, babu aliijua kuliko mimi, maana yeye ndiye aliyenisomesha Suratul Qalam.

Sasa miti ni yetu sisi wajukuu. Msimu uliopita nilimkuta mtoto chini ya mmoja wao. Kabla sijafungua kinywa alikimbia, akakiacha kikapu. Nilikaa nacho hadi magharibi. Kingali kimetundikwa nyuma ya mlango, na karafuu zake ndani zimeshakauka.