Fungua Hiyo Stoo!

Unasubiri nini?

Kompyuta za zamani zipo. Ziko stoo ya shule, ziko nyuma ya ofisi za lodge hapa Karatu, monita ya chogo imegeuziwa ukuta, vumbi jekundu limejaa mpaka kwenye feni. Unazipita kila siku. Unaziita takataka.

Nani kakuambia ni takataka?

Panda barabara ya Ngorongoro, pita lango la Loduare, zunguka kreta, teremka mpaka Oldupai. Watu wanavuka bahari kuja kutazama mawe yaliyochongwa na watu wa kale. Zana za kazi! Louis Leakey alifika pale mwaka 1931. Fuvu la Zinjanthropus, Mary Leakey aliliona tarehe 17 Julai 1959. Miaka 28! Na wewe umechoka kabla hujashika bisibisi?

Usiniambie historia ya kompyuta ni ya Wazungu. ICT 1500, kompyuta ya kwanza nchini, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta. Mashine za zama zile ni chache kwetu, na hizo chache unaziacha zipimwe kwa kilo, nyaya zichomwe moto watu wapate shaba.

Unakubali?

Hukusomea? Mikono unayo. Chomoa waya wa umeme. Gusa chuma cha kasha, umeme tuli ukutoke. Toa vumbi kwa brashi laini, taratibu. Sasa tazama mazabodi. Zile za kompyuta za 386 na 486, nyingi zina betri ya kuchaji, kipipa kidogo cha rangi ya buluu. Ikizeeka inavuja. Utaona ukungu wa kijani pembeni yake, unatambaa juu ya njia za shaba, unazila moja baada ya nyingine. Ikate. Safisha kwa siki kidogo kwenye kijiti cha pamba, malizia na spiriti, iache ikauke.

Inavuja sasa hivi, unaposoma hapa. Wewe unasema mwezi ujao!

Monita ya chogo usiifungue. Inashika umeme wa kuua hata ikishachomolewa. Hapo nakuruhusu uogope.

Mengine yote unayaweza. Unayaweza!

Chukua daftari. Mashine ilitoka wapi? Nani aliitumia, kwa kazi gani? Waulize wazee wa ofisi wangali hai. Mashine isiyo na maelezo haya imebaki plastiki na chuma.

Mwalimu mkuu atataka barua. Mpelekee barua! Mali ya shule haitoki kwa maneno matupu. Iandike usiku huu: aina ya mashine, namba iliyo nyuma yake, utaitengenezea wapi, wanafunzi wataiona lini. Kesho saa moja na nusu asubuhi uwe mlangoni kwake.